Mapenzi Chini ya Risasi: Tukio la Ndege katika The Constant Gardener

Wapanda farasi wenye bunduki wanavamia kijiji kusini mwa Sudan. Nyumba za nyasi zinashika moto, watu wanatawanyika na watoto mikononi, na upande wa pili wa uwanda kuna ndege ndogo ya msaada iliyo tayari kuruka. Mwanadiplomasia wa Kiingereza, Justin Quayle, anaikimbilia ndege hiyo pamoja na msichana mdogo aitwaye Abuk. Wanafika. Rubani anampokea Justin, anamkataa mtoto. Katika mabishano mafupi yanayofuata, wavamizi wakiwa bado nyuma yao, Justin anatoa hoja ambayo si yake. Ni hoja ya mkewe Tessa, ambaye ameshauawa na kuzikwa, tena ni hoja ambayo Justin mwenyewe aliikataa siku alipoisikia kinywani mwa mke huyo.

Tukio hili limo katika The Constant Gardener, filamu ya kijasusi ya mwaka 2005 ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa Kenya. Halina busu wala kitanda, na mke mwenyewe hayupo. Hata hivyo, katika filamu za kijasusi zilizowahi kuigusa Afrika Mashariki, ni vigumu kutaja tukio la mapenzi lenye uzito kuushinda huu.

Kwa kawaida filamu za aina hii huyapa mapenzi na mapambano zamu. Steringi hupigana, kisha hutulia na mwanamke, na akishatulia hurudi vitani. Wasomaji wa riwaya za Elvis Musiba wanaujua mwendo huo kwa Willy Gamba, mpelelezi asiyeishiwa risasi wala wapenzi. James Bond naye huenda vivyo hivyo. Katika Casino Royale ya mwaka 2006, Bond anapambana kwenye ngazi za hoteli na Obanno, kiongozi wa waasi kutoka Uganda, na vita vinapokwisha anamkuta Vesper Lynd ameketi sakafuni bafuni, maji yakimtiririkia na nguo zake zote mwilini. Bond hasemi mengi. Anaketi kando yake na kulowana naye. Ni tukio la upole wa kweli, pengine zuri kuliko yote katika mfululizo mzima wa Bond, lakini hata hapo mapenzi yamesubiri mapigano yaishe. Katika The Constant Gardener hakuna kusubiri. Mapenzi ndiyo yanayomfanya mtu asimame mlangoni mwa ndege kubishana wakati kila mwenye akili angekuwa ameshaingia na kufunga mkanda.

Hadithi ilitoka kwa mtu aliyeujua ujasusi kwa ndani. John le Carré ni jina la kalamu la David Cornwell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2020. Alifanya kazi katika idara mbili za ujasusi za nchi yake, MI5 na MI6, kabla ya riwaya yake ya mwaka 1963, The Spy Who Came in from the Cold, kumpa umaarufu wa dunia nzima. The Constant Gardener aliitoa mwaka 2001, vita baridi vikiwa vimekwisha na wapelelezi wake wakihitaji maadui wapya. Adui aliyemchagua ni kampuni za dawa zinazojaribu dawa zao kwa watu maskini, zikilindwa na wakubwa serikalini. Kitabu alikitunuku kwa Yvette Pierpaoli, Mfaransa aliyetumia maisha yake kuwasaidia wakimbizi na kufa katika ajali ya gari huko Albania mwaka 1999. Mwandishi wa mchezo wa filamu alikuwa Jeffrey Caine, mmoja wa walioandika GoldenEye, filamu ya Bond ya mwaka 1995, na mwongozaji alikuwa Fernando Meirelles wa Brazil, aliyekuwa amejulikana kwa City of God. Kwa hiyo kazi ilikuwa mikononi mwa mtu anayezijua sheria za filamu za steringi, akisaidiana na mtu aliyezoea kupiga picha kwenye vichochoro vya watu wasio na kitu. Tukio la ndege limezaliwa na wote wawili.

Ili uzito wake uonekane, lazima mapenzi yenyewe yafuatwe tangu yalikoanzia. Justin, anayechezwa na Ralph Fiennes, anasoma hotuba mjini London kwa niaba ya mkubwa wake. Tessa, anayechezwa na Rachel Weisz, anasimama na kumbana kwa maswali makali kuhusu vita vya Iraq, hata wasikilizaji wengine wanakereka na kutoka. Ukumbi unapobaki mtupu msichana anaona haya. Justin hamkemei, anamtuliza. Wanaondoka pamoja, na mapenzi yanaanza siku hiyohiyo. Baada ya muda si mrefu Tessa anamwomba ampeleke Afrika, na Justin, mwanamume mwenye tahadhari katika kila kitu, anamwoa mwanamke ambaye bado hamfahamu vizuri.

Udhaifu wa Justin unaonyeshwa bila matusi. Yeye ni mtu mwema. Ni mpole, mstaarabu, mpenda bustani, na bustani hiyo ndiyo inayompa mahali pa kuinamisha macho. Tessa anakwenda Kibera na daktari Arnold Bluhm, anapenya vichochoroni, anatazama maigizo ya mtaani kuhusu UKIMWI, anauliza kuhusu dawa ya kifua kikuu iitwayo Dypraxa na kuhusu kampuni inayoigawa. Mumewe anabaki na miche yake. Hamkatazi, wala haulizi. Watu wa ubalozi wanaanza kunong'ona kwamba Tessa na Arnold ni wapenzi, na Justin anauacha uvumi umtafune kimyakimya kuliko kumkabili mkewe. Ndoa yao ina furaha nyingi ya chumbani na kutaniana, ila imejengwa juu ya makubaliano kwamba kila mmoja asichungulie sana upande wa mwenzake.

Kisha linakuja tukio la hospitali, na hapa mtazamaji wa Berega, kijiji cha Wakaguru huko Kilosa, ana haki ya kuketi mbele kuliko wengine. Tessa amempoteza mtoto aliyemzaa katika hospitali ya Nairobi. Akiwa bado kitandani, anamnyonyesha kichanga cha Wanza Kilulu, msichana mdogo anayekufa kwenye kitanda cha jirani. Pembeni amekaa mvulana aitwaye Kioko, ndugu yake Wanza, aliyetembea kwa miguu umbali mrefu ili ampungie nzi dada yake na mpwa wake. Watazamaji wa Ulaya humwona Kioko kama mtoto wa kuonewa huruma. Ukaguruni anaonekana tofauti. Wakaguru, wenyeji wa milima na mabonde ya Berega, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana dhamana kwa watoto wa dada yake. Kwa hiyo Kioko, pamoja na udogo wake, hakuja hospitali kushangaa. Amekuja kushika nafasi yake. Berega penyewe, karibu na hospitali ya Kanisa Anglikana, pamekuwa na kituo cha kulelea vichanga waliofiwa na mama zao, ambako binti wa ukoo huja kukaa na mtoto mpaka akue na kurudishwa kwao. Hali anayoionyesha Meirelles kwa dakika chache ina taratibu zake, ina watu wake na ina uzoefu wa miaka mingi katika kijiji hicho cha Kilosa. Hilo ni jambo ambalo filamu haikulijua, na ambalo mtazamaji wa huko analiongeza mwenyewe.

Wanza anakufa. Justin anamchukua mkewe kwa gari kumrudisha nyumbani, na njiani wanampita Kioko akienda kwao kwa miguu na kichanga. Tessa anataka wasimamishe gari. Justin anakataa kwa sauti ya upole kabisa: wenye shida ni mamilioni, mashirika yapo kwa ajili hiyo, na wao hawawezi kujiingiza katika maisha ya kila mtu. Tessa anamjibu kwamba hao mamilioni hawapo barabarani. Waliopo ni hawa walio mbele yao, na hawa wanaweza kuwasaidia sasa hivi. Gari halisimami.

Mtu yeyote aliyewahi kuomba lifti kwenye barabara ya Dumila kwenda Gairo, au Mikumi kwenda Kilosa, hahitaji kuelezwa ukubwa wa jambo hili. Kupita na nafasi kwenye gari huku mtu aliyebeba kichanga anakutazama ni tendo linalokumbukwa kijijini kwa miaka. Filamu inalipita haraka, bila muziki wa kumlazimisha mtu alie, na uamuzi huo wa mwongozaji ni wa busara sana. Mtazamaji anakubaliana nusunusu na Justin, maana hoja yake ni ya mtu mzima, na Tessa ana uchungu wa mama aliyefiwa juzi. Anaona kama ni ugomvi mdogo wa mke na mume, basi. Hajui kwamba ameonyeshwa nusu ya kwanza ya tukio kubwa la filamu nzima.

Tessa anauawa kando ya Ziwa Turkana. Mtazamaji alikwisha kuambiwa tangu mwanzo, kwa sababu filamu inafungua na Justin akimsindikiza kwenye ndege na mara baada ya hapo habari ya kifo inamfikia. Kuanzia hapo hadithi inakwenda mbele na kurudi nyuma, na kadiri Justin anavyochunguza kifo cha mkewe ndivyo anavyozidi kumjua. Anagundua kwamba Arnold hakuwa mpenzi wake. Anagundua kwamba mambo mengi aliyofichwa alifichwa ili alindwe. Ndani ya nyumba ya Tessa huko London analia, naye ni mtu ambaye hadi wakati huo ametunza uso wake kama mtumishi wa serikali anavyofundishwa. Hii ndiyo sifa adimu ya mapenzi ya filamu hii: mume anaanza kumpenda mkewe sawasawa wakati hawezi tena kumwambia.

Vitu vya kijasusi navyo vimo, na vinaendeshwa kwa kipimo. Justin ananyang'anywa pasipoti na kusafiri kwa hati isiyo yake. Anafuatwa. Mjini Berlin anashambuliwa katika chumba cha hoteli na kupewa onyo aache kuuliza. Mkubwa wake wa London, Sir Bernard Pellegrin, anayechezwa na Bill Nighy, anamkaribisha chakula na kumsemesha kwa utulivu unaotisha kuliko ngumi za Berlin. Mpelelezi wa Uingereza mjini Nairobi, Tim Donohue, naye mgonjwa aliyekwisha kukata tamaa ya maisha, anamwambia wazi kwamba kuna watu waliolipwa wamuue, kisha anampa bastola. Katika filamu yoyote nyingine bastola hiyo ingekuwa na kazi moja tu.

Ndivyo Justin anavyofika kusini mwa Sudan, akimtafuta Lorbeer, mtaalamu aliyeshiriki kuifanyia majaribio Dypraxa na sasa anajificha kwenye kambi ya misaada akitubu kwa namna yake. Pete Postlethwaite anamcheza Lorbeer kwa macho ya mtu asiyelala. Mahali pamechaguliwa kwa kujua. Kwa miaka mingi ya vita vya Sudan, vijiji vya kusini vilivamiwa na wanamgambo wapanda farasi, na kuanzia mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulikuwa na mpango mkubwa wa misaada, Operation Lifeline Sudan, ambao ndege zake ziliruka kutoka Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya. Usalama ulipovunjika, ndege ziliitwa kuwaondoa wafanyakazi wa mashirika; wanakijiji walibaki. Mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, miezi michache tu kabla ya filamu kuanza kuonyeshwa. Rubani wa filamu hii, kwa hiyo, hakubuniwa ili awe na roho mbaya. Anazo taratibu ambazo marubani wa kweli walikuwa nazo.

Uvamizi wenyewe umepigwa kwa kamera ya mkononi. César Charlone, mpiga picha aliyefanya City of God na Meirelles, haipandishi kamera juu ili mtazamaji auone uwanda wote na kuhesabu maadui. Anaishusha iwe pamoja na wanaokimbia. Kinachoonekana ni migongo, miguu, farasi wanaokatiza ghafla mbele ya macho, moto usiojulikana umeanzia wapi. Mtazamaji hapewi ramani, na bila ramani hakuna raha ile ya kawaida ya kutazama vita kwenye kiti. Anapata kile alichonacho Justin, yaani mkono mmoja wa mtoto na sauti ya injini kwa mbali.

Mlangoni mwa ndege kasi inakatika. Rubani anasema hapana: ndege ni ya wafanyakazi wa misaada, na akimchukua mmoja atawaambia nini wengine? Justin anasihi. Anatoa hadi fedha, na jambo hilo linamdhalilisha yeye mwenyewe zaidi ya rubani. Anapoona fedha haisemi kitu ndipo anaposema kwamba huyu hapa ni mmoja, na huyu mmoja wanaweza kumsaidia. Hakuna anayemkumbusha mtazamaji kwamba maneno haya yalikwisha kusemwa. Meirelles hairudishi picha ya gari, haileti sauti ya Tessa. Anamwamini mtazamaji, na imani hiyo inalipwa, maana anayeitambua hoja anaitambua peke yake, na kifua kinambana kwa wakati mmoja kwa ajili ya mtoto aliye mlangoni na mwanamke aliye kaburini.

Ralph Fiennes analicheza tukio hili bila kupaza sauti sana. Uso wake ni wa mtu aliyechelewa kujifunza somo na sasa analisoma mbele ya watu, akikosea njia, akijaribu tena. Kila mume aliyewahi kuuelewa ugomvi wa zamani baada ya muda wake kupita ataiona hali hiyo na kuijua. Upande wa pili, rubani anazungumza kama Justin alivyozungumza ndani ya gari, kwa upole na kwa hoja ya mamilioni. Justin anabishana na nafsi yake ya zamani, na nafsi hiyo ina hoja nzuri, ina mamlaka, na ndiyo inayoendesha ndege.

Anashindwa. Abuk mwenyewe ndiye anayeumaliza ubishi: anaruka chini na kukimbia, na ndege inaondoka bila yeye. Katika kibanda umiza chochote, iwe Kilosa mjini au Ruaha, hapa ndipo watazamaji wangeguna. Wamezoea kwamba steringi akitaka kumwokoa mtoto, mtoto anaokoka, na mtafsiri wa mkanda, hata angekuwa Lufufu mwenyewe, angekuwa ameshawaahidi hivyo tangu mwanzo. Lakini mwandishi wa GoldenEye alijua anachokivunja. Mtoto angepanda ndege, mtazamaji angefurahi na kusahau. Kwa kuwa hakupanda, thamani ya tendo inabaki palepale lilipotendwa: mtu mwoga amesimama, ameomba, na amemheshimu mkewe kwa njia pekee iliyobaki.

Lipo la kulaumu, na linapaswa kusemwa. Kamera inabaki na Justin. Abuk anakimbilia kwenye moto na filamu haimfuati. Hatujui kama ana mama, wala anarudi kwa nani. Wanza anakufa bila kusema mengi, na Kioko anatembea na kupotea kwenye picha. Hadithi inayodai kwamba mtu mmoja aliye mbele yako ni muhimu kuliko mamilioni ya kwenye takwimu ilipaswa kuwapa hawa watatu muda zaidi, na waigizaji wa Kenya walioshiriki wangeuweza kabisa. Lawama hiyo haiuondoi uzuri wa tukio. Inaonyesha tu kwamba waliolitengeneza waliiweka kweli kinywani mwa wahusika wao kabla ya kuiingiza kikamilifu katika kazi yao wenyewe.

Tukio la ndege lina mkia wake, na mkia huo ndio mwisho wa filamu. Justin anamwomba rubani amshushe kando ya Ziwa Turkana, karibu na pale Tessa alipouawa. Ziwa hili la magadi limezungukwa na mawe meusi ya volkeno na jua lisilo na huruma. Katika kuandaa filamu, kikundi kilipiga kambi na kufanya kazi Loiyangalani, kwenye ufuko wake wa kusini mashariki. Justin anabaki peke yake na bastola ya Donohue. Anaitoa risasi. Hana mpango wa kupigana na hana mpango wa kukimbia. Anazungumza na Tessa, na Tessa yupo, kwa jinsi wafu wanavyoweza kuwapo kwa anayewapenda. Anamwambia kwamba sasa anazijua siri zake zote. Gari la wauaji linakaribia, wanaume wanashuka na silaha, na mauaji yenyewe hayaonyeshwi.

Wapo wanaouona mwisho huu kama kujiua kwa kutumia mkono wa wengine, na hoja yao si dhaifu, kwa sababu Justin alijua nani wanakuja. Hata hivyo, kinachotangulia kinaufanya usomeke vingine. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Barua ya Pellegrin kuhusu Dypraxa, ile ambayo Tessa aliifuata hadi kufa kwake, imeshapata njia ya kufika London, na katika ibada ya kumbukumbu Pellegrin anaposimama kumsifu marehemu kama mtu aliyejiua kwa huzuni, ndugu wa Tessa anasimama na kuisoma barua hiyo mbele ya waombolezaji na waandishi wa habari. Anauliza pia ilikuwaje mtu ajiue kwa risasi zisizotoka kwenye bastola yake. Hiyo ndiyo bunduki iliyofyatuliwa kweli katika filamu hii, na aliyeibeba risasi yake mpaka mwisho ni mtu aliyekuwa akipanda maua.

Muziki unastahili kutajwa, maana bila huo ziwa lingebaki mandhari ya watalii. Mtunzi mkuu ni Alberto Iglesias wa Hispania, lakini filamu inabeba pia sauti na nyatiti ya Ayub Ogada, Mkenya aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956 na kufariki mwaka 2019. Wimbo wake Kothbiro, kutoka albamu ya mwaka 1993, ulisafiri mbali duniani kwa sababu ya filamu hii. Nyuzi za nyatiti hazina haraka. Zinaipa huzuni ya Justin mahali pa kukaa, na mahali hapo ni pa watu wa Afrika Mashariki, jambo ambalo picha peke yake hazikulifanya kila mara.

Katika tuzo za Oscar za mwaka 2006 Rachel Weisz alishinda kama mwigizaji bora msaidizi wa kike, na filamu ilikuwa imependekezwa pia kwa mchezo uliotokana na kitabu, uhariri na muziki. Tuzo ya BAFTA ilimwendea mhariri, Claire Simpson, na kwa anayelipenda tukio la ndege hiyo ndiyo tuzo ya haki kuliko zote. Kati ya gari linalompita Kioko na ndege inayomwacha Abuk kuna zaidi ya nusu saa ya barua, safari, vitisho na kumbukumbu, tena zisizofuata mpangilio wa siku. Mhariri ndiye aliyehakikisha kwamba maneno machache ya Tessa hayapotei njiani, kwa kuyaacha mwanzoni yapite kama jambo dogo na kuyapa mwishoni ukimya wa kutosha kuyazunguka.

Baada ya kazi, walioitengeneza filamu walianzisha mfuko uitwao Constant Gardener Trust kwa ajili ya elimu na huduma za msingi katika maeneo walikopiga picha, yaani Kibera na Loiyangalani. Fiennes, Weisz, Meirelles na le Carré wote walikubali kuwa walezi wake.